Miezi Iliyokuwa Chunguni

Nyumbani kwetu Muheza, mtu aliyetaka kujua tumefika mwezi gani angechungulia chungu cha bibi. Masika yakianza mwezi Machi, mboga zilijiotea: mchunga kando ya njia, mnavu palipochomwa takataka za shamba, mlenda katikati ya mahindi machanga. Majani ya kunde tuliyachuma yakiwa laini, kabla ua halijatoka. Juni na Julai kulikuwa na mahindi ya kuchoma, na machungwa mengi mpaka watoto tukayachezea mpira. Shelisheli zilipokomaa tulizila za kuchoma, tukazila za nazi. Vuli ikaleta mboga mbichi tena, na kuelekea Desemba maembe: dodo, sindano, na mengine yasiyo na jina ila la mwenye mwembe. Januari na Februari jua likiwaka, tukarudi kwenye kisamvu na bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, kwa kitoweo cha ng'onda, yaani samaki mkavu, aliyeletwa kwa baiskeli kutoka Tanga.

Hakuna aliyetuambia kwamba chakula hicho kina afya. Kilikuwa chakula tu. Lakini kilikuwa na elimu ndani yake, na elimu hiyo niliiona kwa mikono ya bibi. Kisamvu, kwa mfano, hakuruhusu kipikwe kwa haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, nayo hutoka kwa kutwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa. Bibi alitwanga mpaka majani yakawa kama tope la kijani, akayaacha motoni mpaka harufu ibadilike, na ndipo tui lilipoingia. Tui lenyewe lilikuwa na kazi kubwa kuliko utamu. Ile rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mboga ya nazi na mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi hazimfikishii mlaji kitu kilekile.

Mchunga nao una uchungu unaokaa ulimini hata baada ya kunawa mikono. Watoto tuliukwepa. Watu wazima waliupenda kwa bada na samaki mkavu, na mpaka leo mtu wa Tanga aliye mbali na kwao akikutajia mchunga utaona uso wake unabadilika. Mimi niliuzoea ukubwani, na sasa sipendi wageni wangu wauone kama mboga ya shida.

Ninachokiona leo, ambacho sikukiona wakati ule, ni kwamba majira yalitulazimisha kubadilisha chakula. Hakuna mboga iliyodumu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwili uliotegemea mboga moja. Miezi ya majani mabichi, yenye madini ya chuma, ilipakana na miezi ya machungwa, na vitamini C ya chungwa lililoliwa pamoja na majani na kunde husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo humo. Kunde na choroko zilileta protini pale samaki alipokosekana. Tulikula vitu vingi mno kwa mwaka, ingawa kwa siku moja tulikula viwili tu.

Sitaki msomaji adhani ilikuwa pepo. Kabla ya mavuno palikuwa na wiki za njaa, nyumba nzima ikiishi kwa muhogo. Nilicheza na watoto ambao nywele zao zilikuwa nyekundu na matumbo yamejaa, kwa sababu waliachishwa ziwa wakapewa uji mtupu wa muhogo. Utapiamlo ule haukuwa hadithi. Nikiusifu mlo wa kwetu, nausifu ulipokuwa kamili.

Mabadiliko ya mlo huo yalianzia mashineni. Zamani unga mweupe ulipatikana kwa jasho: mahindi yaliloweshwa, yakakobolewa kwa kinu, yakapepetwa pumba, yakaanikwa, yakatwangwa tena. Wanawake walipokezana michi tangu asubuhi, na kwa hiyo sembe ilikuwa ya harusi, ya Idi na ya wageni. Mashine ya kusaga ilipofika ilitupa dona, unga wa punje nzima, na kinu kikapumzika. Baadaye ikaja mashine ya kukoboa, ikasimama ubavuni mwa ile ya kusaga, na kile kilichokuwa cha sikukuu kikawa cha kila siku. Nani angekataa? Mama yangu alikuwa na mabega yaliyochakaa kwa mchi. Kumlaumu mwanamke kwa kuchagua sembe bila kuuangalia mgongo wake ni dhuluma.

Pamoja na sembe ikaja heshima. Dona ikawa chakula cha shule za bweni, cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na cha magereza. Mgeni akipewa ugali wa kijivu wenye chembechembe alihisi amedharauliwa. Weupe ndio ulikuwa kipimo. Nakumbuka pia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa upungufu, mahindi ya njano yalipoletwa kutoka nje, watu wakauita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya timu hiyo ya mpira. Tuliula kwa manung'uniko, tukisema una harufu na ni wa mifugo. Mahindi yale ya njano yalikuwa na viini vya vitamini A ambavyo mahindi meupe hayana. Tukashangilia meupe yaliporudi.

Punje ya hindi ina ganda, ina kiini, na katikati ina wanga. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na hapo huenda nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, chuma, zinki na mafuta. Pumba zile zenye lishe tuliwapa kuku na nguruwe wa jirani, nao wakanawiri. Mafuta ya kiini ndiyo yanayofanya dona isikae: baada ya wiki chache huanza kunuka na kuwa chungu. Sembe hukaa dukani miezi. Kwa hiyo muuzaji aliipenda kuliko hata mlaji, na mazoea ya kusaga kidogo kidogo, debe kwa debe, yakafa. Chakula kizima hudai kiliwe kikiwa kipya. Ukikitaka kikusubiri, lazima ukiondolee kitu.

Wakati huohuo mashamba ya kwetu yalibadilika. Michungwa ilienea vilimani, malori yakaja kubeba machungwa hadi Dar es Salaam na kuvuka mpaka kwenda Kenya, na fedha ile ilitusomesha. Mimi ni mmoja wa waliosomeshwa kwa michungwa. Lakini palipopandwa mchungwa hapakulimwa tena kunde, na shamba lililopaliliwa safi halikuacha mchunga wala mnavu. Unga ukawa wa kununua. Mboga ikawa ya kununua.

Nilipohamia Dar es Salaam nilikuta soko lisilojua mwezi. Mchicha na chainizi za Bonde la Msimbazi zinamwagiliwa mwaka mzima. Nyanya zinashuka kutoka Lushoto na Iringa, viazi kutoka Njombe, na mvua isiponyesha huku imenyesha kule. Kwa mtu aliyezijua wiki za njaa, hiyo ilikuwa neema, nami naiita neema hadi leo. Ila nikitazama sahani za wenzangu kazini, na yangu, niliona kitu cha ajabu: kila kitu kilikuwepo wakati wote, na sisi tulikula vitu vitatu. Asubuhi maandazi na chai yenye sukari vijiko vinne. Mchana wali mweupe au sembe, na mchicha kiasi cha kijiko kimoja pembeni, kama pambo. Jioni chipsi mayai na soda. Tunda lilikuwa kipande cha tikiti kikiwa kimebaki. Majira yalikuwa yametuachia uhuru wa kuchagua, nasi hatukuchagua.

Miaka ikapita hivyo. Kisha mama, ambaye naye alikuwa ameshahamia kwenye sembe, wali na chai ya sukari, akaanza kuamka usiku kunywa maji. Kliniki wakampima wakamwambia ana sukari, na presha iko juu. Alirudi na dawa na karatasi ya ushauri. Akanipigia simu jioni hiyo.

"Mwanangu, wameniandikia chakula cha bibi yako."

"Wameandika nini, mama?"

"Dona. Mboga za majani kwa wingi. Kunde. Chungwa nile lenyewe na nyuzi zake, nisikamue. Muhogo na ndizi kwa kipimo. Chai bila sukari." Akanyamaza kidogo. "Hiki si ndicho tulichokuwa tukikionea aibu?"

Neno aibu lilinikaa moyoni kuliko neno kisukari. Nikaanza kusoma, na niliyoyasoma yalinishangaza kwa sababu yalikuwa yameandikwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika wapatao 1,000, akaonyesha kwamba kwao presha haikupanda kwa umri kama ilivyopanda kwa Wazungu. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo na baadaye akatibu Kampala kwa miaka mingi, ndiye aliyeandika mwaka 1956 kuhusu mgonjwa Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, na tukio hilo lilikuwa geni kiasi cha kustahili makala ya kitabibu. Trowell huyohuyo alitumia miaka mingi kuchunguza utapiamlo wa watoto, kwa hiyo hakuwa mtu wa kupamba umaskini. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alishawishika kwamba nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa zilichangia kuwakinga watu wa vijijini na maradhi mengi ya utumbo aliyoyaona kwao Ulaya. Si kila dai lao limesimama, na maisha ya wakati ule yalitofautiana na yetu kwa mengi, ikiwemo kazi ya miguu na jembe. Lakini hoja kuu, kwamba nafaka nzima, kunde, mboga na matunda hupunguza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, imeungwa mkono na tafiti nyingi za baadaye.

Na tazama tulikofika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 26% wana shinikizo la juu la damu na takriban 9% wana kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi mno kati ya waliohojiwa hawakufikia kiwango hicho. Hii ni nchi ya maembe yanayooza chini ya miti kila Desemba. Inauma.

Mama alibadilika kwa hatua ndogo. Ngumu ilikuwa chai. Dona aliipokea haraka, ila alitaka isagwe laini. Ugali ukapungua ukubwa, mboga ikachukua nusu ya sahani. Aliotesha mnavu nyuma ya nyumba na kuuacha mchunga uote chini ya michungwa miwili mitatu. Uzito ukashuka taratibu, vipimo vikatulia. Dawa hakuacha, wala sitaki mtu yeyote aache dawa kwa kusoma haya. Daktari wake ndiye anayepanga dozi.

Mimi huku mjini nimerudisha miezi jikoni kwa kadiri ninavyoweza. Embe nalila msimu wake, linapokuwa rahisi na limeivia mtini. Mboga nanunua ya asubuhi na kuipika siku hiyohiyo, maana vitamini C hupotea kwa kukaa na kwa kuchemshwa kupita kiasi. Kila wiki natafuta majani tofauti na ya wiki iliyopita: matembele, kisamvu, mlenda, majani ya maboga. Wauza mboga wananijua sasa, na mama mmoja huniwekea mchunga ukipatikana. Dona nayo imepanda cheo. Naiona kwenye maduka makubwa, katika mifuko mizuri, na mara nyingine bei yake inaizidi sembe, ingawa haikupitia mashine ya kukoboa. Nafurahi kwamba aibu imeondoka. Sifurahii ikigeuka kuwa chakula cha wenye nafasi, wakati mtoto wa shule ya kutwa anakula andazi na soda ya rangi getini.

Kuna tahadhari moja ambayo wapenzi wa dona, nikiwemo mimi, hatupaswi kuipita. Mahindi yasiyokauka vizuri hushikwa na kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zilezile tunazozitetea. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo dona njema huanzia uanikaji: mahindi juu ya turubai na si juu ya udongo, yakauke mpaka yalie kwenye meno, yahifadhiwe pakavu.

Mama analijua hilo vizuri. Likizo iliyopita nilimkuta barazani na ungo, akichambua debe la mahindi kabla ya kulipeleka mashineni, binti yangu amekaa naye wakitenga punje zilizobadilika rangi.

"Bibi, hizi si tuwape kuku?"

"Hapana, mjukuu wangu. Zina sumu kwa kuku vilevile. Chimba shimo kule nyuma, uzifukie. Hizi nzuri mtazipeleka wewe na baba yako kesho asubuhi, na mwambieni wa mashine asizikoboe."