Msichana Anapouliza Mama Yake Yuko Wapi

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakutuambia afanyeje mtoto asiyemjua mamaye. Jennifer Nansubuga Makumbi, mwandishi wa Uganda, amelishika swali hilo katika riwaya yake The First Woman, iliyotolewa mwaka 2020 na kupewa Marekani jina la A Girl Is a Body of Water.

Hadithi inaanza mwaka 1975 katika kijiji cha Nattetta, Buganda. Kirabo, mwenye umri wa miaka 12, analelewa na babu yake Miiro na bibi yake Alikisa. Baba yake, Tom, yuko Kampala, naye huja kwa nadra. Mtoto hapungukiwi chakula wala upendo, lakini kila aulizapo habari za mama yake, wakubwa hugeuza mazungumzo. Basi kwa siri anamwendea Nsuuta, jirani kipofu anayesemwa kuwa mchawi, ambaye bibi yake hataki hata kumsikia. Hapo ndipo msomaji anapocheka: nyumba nzima ya watu wenye macho hailioni swali la mtoto, bali kipofu ndiye anayeliona.

Kicheko hicho kina giza nyuma yake. Nchi iko chini ya Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hadi 1979, na watu wananong'ona hata majumbani mwao. Hata hivyo msichana huvunja ungo, hupenda na huona haya. Mambo hayo hayangoji serikali ibadilike. Mjini Mbarara, ulioingiwa na majeshi ya Tanzania Februari 1979, wapo akina mama waliokuwa wasichana miaka hiyo, nao hawahitaji kuelezwa.

Si mbali na mji huo, katika wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Wamepita hapo Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Msichana wa huko huenda akalelewa na shangazi, au na mtu aliyemwokota njiani wakati wa kukimbia. Akiuliza, huambiwa akachote maji kwanza. Huko bombani yeye na wenziwe huwaigiza wakubwa wanavyobabaika, wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mkubwa akiwasikia hukasirika, akadhani ni utovu wa adabu. Kumbe anayecheka hivyo amekwisha kujua kwamba anafichwa.

Jambo hili halikai kwa wakimbizi peke yao. Askari huhamishwa kituo hadi kituo, na mara nyingi mtoto huachwa kwa bibi. Baba huja likizo na kitambaa cha gauni na viatu vipya. Kirabo kwa Kiganda maana yake ni zawadi, lakini hakuna zawadi ijibuyo swali lake.

Yafaa wazazi na walezi wamweleze binti mapema, kwa kadiri ya umri wake: mama yake ni nani, alitoka wapi, kwa nini hayupo. Kama habari zake hazijulikani, hilo nalo lisemwe waziwazi. Ukweli mchungu ukitoka kinywani mwa mlezi, binti atalia, kisha atabembelezwa na huyo huyo aliyemwambia. Akiupata kwa jirani atalia peke yake, na tangu siku hiyo hatauliza tena nyumbani.