Shokapu Mpya na Mlima wa Bugarama

Mji wa Bujumbura, ulioitwa Usumbura hadi mwaka 1962, umelala kandokando ya Ziwa Tanganyika, nyuma yake ikiwa milima isiyokawia kuanza. Mwenye gari lililofungwa shokapu mpya za kurekebishika angetafuta sana mahali pazuri zaidi pa kuzizoesha kazi, kwani tambarare na mlima vyote vi karibu.

Mafundi hawakosekani Buyenzi, mtaa mkongwe wa Waswahili ambao barabara zake huitwa kwa namba. Maneno mengi ya gereji huko yametokana na Kifaransa. Fundi mzuri hakazi kabisa nati za bushi gari likingali juu ya jeki. Hungoja likanyage chini kwa magurudumu yote manne, ama sivyo raba hujisokota na kuchanika mapema.

Ndani ya shokapu mna mafuta yapitayo katika vitundu vyembamba kila gurudumu lipandapo na kushukapo. Skrubu ya kurekebishia huvibana vitundu hivyo au kuvifungua. Wako madereva, hasa vijana, ambao siku ya kwanza huikaza skrubu hadi mwisho wakidhani ugumu ndio uimara. La hasha! Shokapu iliyo ngumu kupita kiasi hulirusha gurudumu kila lipatapo shimo, na gurudumu lililo hewani halishiki breki.

Kwa hiyo siku za mwanzo zitumiwe katika Barabara ya Taifa namba 5, inayokwenda Cibitoke katika bonde la Rusizi. Hapo ni tambarare. Skrubu ziwekwe katikati, ya kulia sawasawa na ya kushoto, na mwendo uwe wa wastani ili sili na bushi zikae mahali pake. Baada ya kilomita mia chache nati zote zikaguliwe tena, na karatasi ya kiwanda isitupwe, maana kila kiwanda kina masharti yake.

Mtihani wenyewe uko katika Barabara ya Taifa namba 1. Kwa kilomita zipatazo 35 barabara hupanda kutoka ziwani hadi Bugarama, mahali pa baridi na ukungu, palipo juu zaidi ya mita 2,000. Njiani kona hufuatana, na waendesha baiskeli huteremka kwa kasi wamebeba ndizi au makaa, huku wengine wakipanda kwa kushikilia malori. Dereva ambaye gari lake linarukaruka konani huwahatarisha watu hao pamoja na watoto wake waliokaa kiti cha nyuma.

Tena kuna jambo la mboga. Ni wachache wapitao Bugarama wasinunue kabichi, karoti na viazi, hivyo gari lililopanda jepesi hurudi zito. Shokapu haibebi mzigo, hiyo ni kazi ya springi; lakini springi iliyolemewa huyumba zaidi, na hapo skrubu za nyuma zaweza kukazwa kidogo, kulia na kushoto sawa.

Kabla ya kuteremka, dereva aguse kila shokapu kwa tahadhari. Zote zapasa kuwa na joto linalokaribiana. Iliyobaki baridi haifanyi kazi, na yenye mafuta ubavuni imekwisha kupasuka sili. Akiikuta ya namna hiyo, ateremke polepole kwa gia ndogo moja kwa moja hadi kwa fundi wake.