Barua kutoka Miono

Mpendwa dada Mwanahawa,

Nimefika salama. Tulitoka Bagamoyo kwa Kosta, tukapita Kiwangwa kwenye mafungu ya mananasi, Msata, daraja la Wami, hadi Mandera. Hapo nikapanda bodaboda kuingia Miono. Ukiendelea na barabara hii unafika Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako nyika inakutana na bahari.

Kwa ujirani huo, maongezi ya jioni huku hayakosi wanyama: nyani walioingia mahindini, nguruwe pori waliochimbua mihogo. Ndipo nikawasimulia wazee habari za Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeifanya dunia iijue Serengeti kwa kamera.

Alikuwa daktari wa mifugo. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, vita imeiacha magofu. Mwaka 1956 akatoa filamu iliyopigwa Kongo, akaanza pia kipindi cha televisheni kilichodumu hadi alipofariki, 1987. Mapato ya filamu alitaka yanunue ardhi ya kuilinda Serengeti. Wakoloni wakamwambia afadhali kwanza awahesabu wanyama. Basi yeye na mwanawe Michael wakaja na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakahesabu wanyama 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake, ndege ikagongana na tai, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24 tu! Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilitoka mwaka huohuo, na 1960 ikapata Oscar. Baba na mwana wamelala pamoja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Mzee mmoja akauliza, "Na wenyeji je?"

Dada, swali hilo ndilo zito. Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu, hata Mmasai na ng'ombe wake. Wamasai wakatolewa Serengeti, wakaachiwa Ngorongoro. Lakini nyumbu wameongezeka hadi kupita milioni moja, na sababu kubwa si kutolewa kwa watu, bali ni ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, nyumbu nao wakapona. Filamu ile naipenda, na uchungu wa baba yule unanigusa. Ila wafugaji iliwaonea.

Sasa nina ombi. Banda la video la hapa huonyesha mpira na filamu za nje zenye msimuliaji wa Kiswahili. Wewe uko karibu na watu wa televisheni. Waambie watafute kibali, filamu hiyo isimuliwe kwa Kiswahili, na ikimalizika kipaza sauti wapewe wanaolima na kufuga mipakani mwa hifadhi. Waanzie Miono. Wazee wamekwisha kubali kuja.

Nijibu mapema, na uwasalimie wote nyumbani.

Nduguyo