Mafuta ya Haradali: Ya Achari na Magoti, Si ya Mtoto Mchanga

Jina la haradali si geni masikioni mwetu. Punje yake imetajwa katika Surat Al-Anbiyaa na Surat Luqman kuwa kipimo cha jambo dogo kabisa lisilopotea mbele ya Mwenyezi Mungu. Mafuta yake, hata hivyo, hatukuyazoea hapa Garsen. Sisi tulilelewa kwa mafuta ya uto, yakamuliwayo kutoka simsim ilimwayo katika delta hii ya Tana na huko Lamu. Kwa uto tulipikiwa, na kwa uto tulisingwa.

Chupa ya kwanza ya haradali tuliletewa na jamaa kutoka Mombasa, ambako wenzetu wenye asili ya Bara Hindi huyatumia. Yalikuwa majira ya maembe, wakati ambapo bei hushuka hata mengine huozea chini ya miti. Tukaazimia kutia achari. Vipande vya embe bichi tulivitia chumvi, tukavianika juani siku mbili. Mafuta tuliyapasha moto mpaka yakaanza kutoa moshi mwembamba, tukayaacha yapoe kabisa. Ndivyo ukali wake upunguavyo. Kisha tukachanganya uwatu, manjano na pilipili, tukamimina mafuta hadi yakafunika kila kipande, kwani kinachobaki nje ndicho kiotacho kuvu. Achari ile ilitufikisha Ramadhani.

Yaliyobaki Nyanya aliyataka kwa magoti yake. Akiyapaka usiku, ngozi hupata joto, naye hulala. Hatusemi kwamba yanaponya. Maradhi ya viungo yana matabibu wake.

Hapo ndipo tulipoghurika. Mjukuu alipozaliwa, tulidhani kilichomfaa bibi kitamfaa na mtoto, tukamsinga kwa haradali siku ya tatu. Kufikia magharibi kifua chake kilikuwa chekundu, halali wala hanyonyi vizuri.

“Mmempaka nini mwana?” Nyanya akauliza.

Hakuna aliyejibu upesi. Tukamwosha kwa maji ya vuguvugu, na alfajiri tukampeleka kwa muuguzi. Alitueleza kuwa ule ukali uletao joto gotini huchoma ngozi ya mtoto, ambayo bado ni nyembamba mno. Hata India na Nepal, ambako kuwasinga watoto kwa haradali ni mila ya kale, watafiti wameonya juu yake. Mtoto alipona, alhamdulillah, ila mzazi wake alikesha akilia, na aliyeshika chupa ni sisi.

Tangu hapo tumekuwa wadadisi. Marekani huagiza chupa iandikwe kuwa ni ya kupaka tu, kwa sababu ya asidi ya erusiki, iliyodhuru mioyo ya wanyama wa maabara. Bengali nako watu huyapikia kila siku. Sisi tumeyabakisha kwenye achari, ambayo mtu huila kidogo. La kutisha zaidi ni lile la Delhi mwaka 1998: mafuta ya haradali yalichanganywa na ya mbegu zenye sumu, wakafa watu zaidi ya 60. Kwa hiyo chupa isiyo na nembo, ijapokuwa rahisi, hatuinunui.

Mtoto sasa husingwa kwa mafuta ya nazi. Haradali tumeiweka jikoni, rafu ya juu kando ya siki, na Nyanya huiagiza mwenyewe akiihitaji.