Uliza Waya Unapita Wapi

Kijana anayeota kuandika riwaya huimbiwa sana wimbo wa kisiwa: bahari, minazi, utulivu, kalamu inakwenda yenyewe. Sawa. Lakini riwaya ambayo haijaisha hailipi kodi ya chumba. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, na ugali wangu natafuta kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika kwenye kompyuta, neno kwa neno, kwa kampuni iliyo ng'ambo. Nalipwa kwa dakika ya sauti. Ukichelewesha kazi mara tatu, jina lako linafutwa, basi. Kwa hiyo nilipotaka kuhama Dar es Salaam nikapange Jambiani, mashariki ya Unguja, nilitanguliza swali la mtandao.

"Mtandao upo, mwanangu. Wageni wote wanaongea na kwao hapa hapa," aliniambia bi mkubwa mwenye nyumba. Kweli ulikuwepo, tena saa nne asubuhi ulikuwa bomba. Nikamwomba ruhusa nirudi saa mbili usiku. Akacheka, akasema nije tu, chai itakuwepo. Saa hiyo kijiji kizima kimesharudi nyumbani na kila mtu ameshika simu yake. Faili nililolipakia kwa dakika tatu asubuhi likachukua nusu saa. Ndugu msomaji, pima saa ile utakayofanya kazi, na upime kupakia, siyo kupakua peke yake. Video inaweza kucheza vizuri huku kazi yako imegoma kwenda.

Halafu uliza habari za umeme. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ulipoharibika, kisiwa kilikaa kama mwezi mzima gizani. Ikaja tena Desemba 2009, na safari hiyo giza lilidumu karibu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye nguvu zaidi, na hali ikawa afadhali. Lakini umeme ukikatika mtaani, ruta nayo inazima, na mnara wa simu unabaki kuishi kwa betri au jenereta yake.

Wenzangu wa Bara msicheke. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba, Dar ikiwemo. Sote tunaning'inia kwenye nyaya za baharini. Wa kisiwani ameongezewa bahari moja tu ya kuvuka.

Kwa hiyo mtandao wa kutegemewa hauanzii kwenye kasi. Jiulize ni vitu vingapi lazima viharibike kwa pamoja ndipo wewe ukwame. Nilinunua laini za kampuni mbili, lakini kwanza niliulizia minara yao iko wapi, maana kampuni mbili zinaweza kupanga mnara mmoja, na ukizima huo umekosa zote. Nilinunua betri ndogo ya ruta. Sauti za kazi nazipakua alfajiri, watu wamelala, ili mchana niandike hata bila mtandao. Na nilikwenda kwa jirani mwenye jenereta, tukapatana bei mapema, kabla ya shida.

Jioni moja umeme ulikatika saa kumi, na kazi ilitakiwa saa tatu usiku. Laini ya kwanza ilikufa magharibi. Ya pili ikabaki inatambaa kama konokono, lakini ikafikisha mzigo saa mbili na nusu. Zile dakika thelathini zilizobaki ndizo zilizolinda jina langu, na jina hilo ndilo linalolipa chumba ninamoandikia sura ya sita.

Vijana wenzangu, utulivu wa kisiwa upo, siwadanganyi. Ila una gharama zake, na betri ya ruta ni mojawapo. Ziwekee fungu kabla hujapanda boti.