Maktaba Iliyokuja kwa Matatu

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa kungoja. Tulikuwa tumefanya KCSE mwishoni mwa 2010, matokeo yakatoka, na sisi tuliopata alama za chuo kikuu tukajua kwamba hatutaitwa upesi, maana waliotutangulia walikuwa bado wako nyumbani. Wenzangu wengi walishika jembe. Wengine walikwenda Nanyuki na Timau kwenye mashamba ya maua. Mimi nilipata kazi ya kuangalia saiba nyuma ya duka la agroveti, pale sokoni Endarasha: chumba kimoja, kompyuta chache za mtumba, na harufu ya dawa ya kunyunyizia viazi ambayo mpaka leo nikiisikia nakumbuka lugha ya kompyuta ya C.

Endarasha ni baridi. Iko Kieni, magharibi ina msitu na safu ya Nyandarua, yaani Aberdare, mashariki ina Mlima Kenya, ambao asubuhi ya anga safi unauona wote kabla mawingu hayajaufunika. Mwezi wa Julai jua linachelewa kutoka, na siku nyingine halitoki kabisa. Tulikaa mbele ya skrini na makoti yetu, kikombe cha chai kikiwa katikati ya magoti kwa sababu mezani palijaa nyaya.

Kompyuta ya pembeni ilikuwa imeliwa na virusi. Hilo lilikuwa balaa la saiba zote siku zile: mteja anachomeka flashi, anachapisha barua yake, anaondoka, na nyuma yake mafolda yote yanafichwa. Mwenye saiba alikuwa ameshakata tamaa na mashine ile. Akaniambia, "Kijana, hiyo fanya unavyotaka." Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na CD ya Ubuntu 10.04, aina ya mfumo wa Linux, aliyoipokea kwa sanduku lake la posta. Kampuni ya Canonical, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikizituma CD hizo bure popote duniani, mpaka ilipousitisha mpango huo mwaka huohuo wa 2011. Mwalimu alinipa CD, nikaiwekea kompyuta ile Linux, na kuanzia hapo virusi vya flashi havikuwa na la kuifanya mashine ile.

Nilitaka kutengeneza mchezo. Nilikuwa nimesoma habari za Wesley Kirinya, Mkenya aliyetoa mchezo wa kompyuta uitwao Adventures of Nyangi mwaka 2007, na tangu siku hiyo sikuamini tena kwamba michezo ni kitu cha kununuliwa tu kutoka ng'ambo. C nilikuwa nimeanza kuielewa kutoka kitabu kilichokosa jalada. Lakini C yenyewe haijui dirisha, haijui picha, haijui kwamba kuna mtu anabonyeza mshale wa kulia. Kwa hayo unahitaji maktaba, yaani kazi zilizoandikwa na watu wengine, ambazo programu yako inaziita kwa majina yake. Kulikuwa na SDL, iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Kulikuwa na Allegro, iliyoanzishwa na Shawn Hargreaves kwa ajili ya mashine za Atari, ikahamia DOS, kisha Windows na Linux. Nilichagua Allegro. Programu yake ndogo kabisa ilikuwa fupi kweli, na leseni yake ilinigusa: waandishi wake waliitoa kama zawadi, uitumie, uibadilishe, uigawe.

Zawadi hiyo ilikuwa kwenye intaneti. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na magazeti yaliandika sana, lakini kwetu intaneti ilikuwa modemu iliyoning'inizwa dirishani kwa waya mrefu wa USB, na bando lilikuwa la wateja. Huwezi kulimaliza kwa maktaba ya michezo wakati mama wa watu amekuja kutafuta fomu ya shule ya mtoto.

Hapa lazima niisifu programu moja ya kusakinishia programu nyingine, Synaptic, iliyokuja ndani ya Ubuntu. Ukishaipa orodha mpya ya vifurushi, kazi iliyokula bando la jioni moja tu, unaweza kuweka alama kwenye unavyovitaka, kisha badala ya kuvipakua ukaiagiza ikuandikie faili yenye anwani ya kila kimoja. Faili hiyo ni ndogo kuliko picha ya simu. Niliiweka kwenye flashi, nikapanda matatu ya Nyeri kupitia Mweiga, nikaenda kwa mtoto wa shangazi yangu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Teknolojia cha Kimathi. Aliiendesha faili ile kwenye mashine ya Linux, na vifurushi vikaanza kushuka: build-essential yenye kikusanyaji cha C, Code::Blocks ya kuandikia na kuendeshea kazi yote mahali pamoja, liballegro4.2-dev, na vingine vingi ambavyo hivyo vinavitegemea. Tulivitazama vikishuka bila modemu yoyote dirishani. Jioni nilirudi na matatu ya mwisho, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa koti juu ya flashi.

Kesho yake vifurushi viliingia vyote bila kulalamika. Nikafungua Code::Blocks, nikaandika mistari michache, nikabonyeza lile gurudumu la kujenga. Chini ya skrini ikajaa mistari myekundu: undefined reference, undefined reference, mpaka mwisho.

Kila anayeanza kazi hii hufika hapo, na wengi huachia hapo, kwa hiyo nitaeleza. Kuna kazi mbili. Kikusanyaji kinasoma ulichoandika, kinatazama faili ya vichwa, allegro.h, na kuridhika kwamba majina uliyotumia yapo. Kisha anakuja kiunganishi, ambaye kazi yake ni kuitafuta maktaba yenyewe na kuifunga kwenye programu yako. Huyo wa pili hajui maktaba iko wapi mpaka aambiwe. Mtoto wa shangazi alikuwa ameniandikia dawa yake kwenye karatasi ya daftari: fungua mipangilio ya mradi, nenda kwenye sehemu ya kiunganishi, andika allegro-config --libs katikati ya alama mbili ndogo zilizolala, zile zilizo kwenye kitufe cha chini ya Esc. Si alama za kawaida za kunukuu. Alama hizo zina maana ya kwamba amri iliyo ndani iendeshwe kwanza, na jibu lake liwekwe mahali pake. Na baada ya mabano ya mwisho ya main, aliandika na kupigia mstari, weka END_OF_MAIN().

Nikafanya hivyo. Likatokea dirisha jeusi la 640 kwa 480, tupu kabisa. Nilimwita mwenye saiba aje aone, naye aliacha mteja wa mbolea akaja, akalitazama kwa heshima.

Mchezo wenyewe ulihusu ndovu, na kijana anayewafukuza shambani kwa tochi. Ua wa umeme wa Aberdare, uliosimamiwa na shirika la Rhino Ark tangu 1989, ulikuwa umekamilika 2009, kilomita 400 kuuzunguka msitu wote. Kabla ya hapo, ndovu kuingia shambani lilikuwa jambo la kila familia iliyolima karibu na msitu. Nikachora ndovu kwenye GIMP, programu ya kuchorea, nyuma yake nikajaza waridi kali, nyekundu 255, kijani 0, buluu 255, kwa sababu Allegro ikikuta rangi hiyo katika picha huiruka, haiichori, na ndovu anabaki peke yake juu ya shamba. Mwanzoni picha zilipepesa kama koroboi kwenye upepo. Dawa ni kuchora kila kitu kwanza kwenye picha iliyofichwa, kisha kuileta yote kwenye skrini mara moja.

Shosho alikuja sokoni siku ya gulio, nikamkalisha mbele ya mashine. Nimerithi jina la babu, kwa hiyo alikuwa akiniita mume wangu. Alitazama kijana wangu wa kwenye skrini akimmulika ndovu kwa tochi, ndovu akigeuka.

"Mume wangu, huyo yuko peke yake?"

"Ndiye wa kwanza, Shosho. Wengine watakuja."

"Hawaji mmoja mmoja. Wanakuja na watoto wao. Na tochi si kitu. Tulikuwa tunapiga mabati na debe mpaka alfajiri, watu wa kijiji kizima."

Nikaongeza ndama. Nikaiondoa tochi, nikaweka kitufe cha kupiga debe, na majirani wanaotoka nyumbani wakisikia. Mchezo ukawa mgumu zaidi na wa kweli zaidi, na watoto wa shule ya msingi wakaanza kujaa mlangoni kila jioni, wakielekezana kwa Kikuyu nani apige debe lipi. Mwaka uleule Allegro 5 ilikuwa imetoka na kubadilisha karibu majina yote ya kazi zake. Niliendelea na ya zamani mpaka nilipoitwa chuoni. Folda ya vifurushi nilimwachia mwenye saiba, naye akainakili kwenye flashi ya kila aliyeomba.

Sasa kifurushi kinaitwa liballegro5-dev, bado ni cha bure, na SDL ni vilevile. Kwa hiyo mwalimu unayesoma haya, kama shule yako ina kompyuta za Linux na haina intaneti ya kutosha, nenda mjini na flashi mara moja. Amri ya apt-get install ikiongezwa --print-uris itakupa anwani zote za kupakua. Ukishavipakua vifurushi, viweke kwenye mashine zote za shule, na karatasi ya kiunganishi uibandike ukutani, ila amri yake iwe pkg-config --libs allegro-5, maana ile yangu ilikuwa ya Allegro ya zamani.