Juu ya Paa la Trela, Kando ya Mto Missouri

Ukishaiacha Sioux Falls na kuelekea magharibi kwa barabara ya I-90, sheria za South Dakota zinakuruhusu kwenda maili 80 kwa saa. Sisi tulikwenda 60. Matairi mengi ya matrela hayakutengenezwa kwa mwendo wa kupita maili 65, na katika nyika ile hakuna mti wa kukinga upepo. Malori yalitupita moja baada ya jingine, na kila lilipopita trela letu liliyumba, kisha likatulia nyuma ya gari.

Tulikuwa watu watatu: mimi, dada yangu na mumewe. Tulitoka Brooklyn Park, Minnesota, mji wenye wahamiaji wengi kutoka Afrika, tukashuka kwa I-35 hadi Albert Lea, hapo tukaishika I-90. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Badlands, na ilikuwa ya kwanza kwetu sote kulala ndani ya nyumba inayovutwa na gari. Trela lilikuwa limetumika miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu. Ndani lilikuwa safi: vitanda, jiko la gesi, friji, choo. Juu yake hakuna aliyetuambia kuna nini.

Usiku tulipolala Mitchell, mji wenye jumba maarufu linalopambwa kwa mahindi, mvua kubwa ilinyesha. Dada alisikia tone likianguka karibu na choo. Shemeji alimulika dari kwa tochi akaona alama ya kahawia imezunguka tundu la hewa, pana kama sahani. Alama ile haikuwa ya usiku mmoja.

Shemeji amefanya kazi ya rangi za majengo kwa miaka mingi na ngazi anazijua. Alinieleza asubuhi, tukiwa njiani, kwa nini jambo lile lisingeweza kungoja. Kuta na paa za matrela mengi ni fremu ya mbao nyembamba, plaiwudi na sponji ngumu katikati. Juu hutandazwa ngozi ya mpira, na kila kitu kinachotoboa ngozi hiyo, iwe tundu la hewa, bomba la choo, antena au kiyoyozi, huzungushiwa gundi ya kuziba. Jua huikausha gundi, baridi ya Minnesota huipasua, mtikisiko wa barabara humalizia. Maji yakipata ufa mwembamba huingia kwenye mbao na kutembea, yakatokeza mbali na yalikoingilia. Ukiona tone ndani, mbao za juu zimeshaanza kulowa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutaka gundi hiyo ikaguliwe kila baada ya miezi 3.

Tulisimama Chamberlain, pale barabara inapouvuka mto Missouri. Juu ya kilima kando ya barabara kuna sanamu ya chuma yenye urefu wa futi 50, iliyosimamishwa mwaka 2016, ya mwanamke wa Kilakota na Kidakota aliyetandaza nyuma yake blanketi yenye nyota. Tungeitazama kwa muda mrefu zaidi kama anga lisingekuwa linakusanya mawingu upande wa magharibi.

Kambini shemeji hakukimbilia paa. Alianza chini. Trela aliliegesha sehemu tambarare, akaliacha limefungwa kwenye gari lisipate kusogea, akatia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, akateremsha jeki za kona zote nne. Aliangalia juu kama kuna nyaya za umeme. Kisha akaenda nyuma kwenye ngazi iliyofungwa ukutani na kiwanda. Kibandiko chake kilisema pauni 250, yaani kilo 113 hivi, na uzito huo ni wa mtu pamoja na zana zake. Shemeji ni mtu wa mwili. Alizishika nguzo akazivuta, na skrubu mbili za chini zikacheza kwenye ukuta.

"Hii haipandwi," alisema. "Na wa kupanda si mimi, ni wewe uliye mwepesi. Mimi nitashika."

Jirani yetu kambini, mzee mstaafu kutoka Nebraska, alituazima ngazi yake ndefu. Jambo la kwanza alilouliza ni kama kitabu cha trela kinaruhusu mtu kutembea juu ya paa, kwani yapo matrela yasiyoruhusu, na yale ya Airstream yenye mgongo wa alumini wa mviringo si ya kusimamia hovyo. Dada alikifungua kitabu, akaona linaruhusiwa.

Kuiegemeza ngazi kuna hesabu yake: kwa kila futi 4 za kwenda juu, miguu yake isogee futi 1 kutoka ukutani. Trela letu lina kimo cha karibu futi 10 na nusu, kwa hiyo miguu ilikaa futi 2 na nusu na ushee kutoka ubavuni. Kichwa cha ngazi kilipita ukingo wa paa kwa futi 3, ili mtu anayepanda na kushuka awe na cha kushika. Tulifagia changarawe hadi ardhi ngumu, tukaweka taulo nene mahali ngazi ilipogusa ukingo, tukaifunga kwa kamba isiteleze pembeni. Tulingoja hadi paa likauke, maana ule mpira ukilowa huteleza vibaya sana.

"Uso kwenye ngazi," shemeji alisema. "Mkono mmoja unapohama, mkono mwingine na miguu yote miwili vimekamata. Usibebe kitu. Ndoo tutaifunga kamba uivute ukishafika."

Nilipofika juu sikusimama. Nilipiga magoti na kutambaa juu ya kipande cha plaiwudi nilichokisukuma mbele yangu, kwa kuwa ubao wa paa ni mwembamba na uzito wa mtu lazima ugawanywe. Fundi wa makuti kwetu Tanga huweka mguu penye kombamoyo, si katikati ya fito. Juu ya trela pia mihimili ipo, ila imefichwa na mpira, na unaitafuta kwa kugonga kwa vidole. Kifuniko cha plastiki cha tundu la hewa na dirisha la dari sikuvigusa kwa goti wala mkono, kwani havibebi mtu. Ukingo nilikaa nao mbali, na sikurudi kinyumenyume hata hatua moja. Paa halina uzio.

Ufa niliuona mara moja: gundi imekauka, imeachana na ngozi kwenye kona ya tundu. Nilibandua vipande vilivyolegea kwa kikwangulio cha plastiki, nikaiacha ile iliyoshika imara. Niliosha kwa maji na sabuni, nikakausha kwa kitambaa, nikamimina gundi mpya ya aina inayojitandaza yenyewe, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mpira wa paa. Petroli na viyeyushi vya jamii yake havitakiwi hapo, huuvimbisha mpira. Silikoni ya dukani nayo niliambiwa niiache, kwa sababu gundi nyingine haitashika juu yake siku nyingine.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda. Mwili unataka kuiendea ngazi kwa mgongo kabla mikono haijashika kitu. Nilitambaa hadi kwenye vichwa vya ngazi, nikavikamata vyote viwili, nikateremsha mguu mmoja polepole nao ukatafuta kipago. Chini shemeji alikuwa bado ameshika kwa mikono miwili, kama alivyoshika tangu mwanzo. Hakuwa ameiachia hata kunywa maji.

Badlands tulifika siku iliyofuata. Kuta zile za udongo wa tabaka nyekundu na za rangi ya majivu hulika kwa karibu inchi 1 kila mwaka, zikiliwa na mvua. Na mvua ilikuja jioni, yenye radi na upepo. Tulikaa ndani tukitazama dari, na dari ilibaki kavu.

Wewe unayetaka kununua trela lililotumika, usilipe kabla mtu mwepesi hajapanda kukagua paa kwa ngazi imara iliyoshikwa na mtu mwingine. Kama huna wa kukushikia, usipande. Mlipe fundi akukagulie, hata kama bei yake inauma.